Kurusha Cessna hadi Grand Canyon: ninayomwambia kila rubani wa kwetu

Korongo la Grand Canyon huonekana vizuri zaidi kutoka juu, na ndege ndogo ya kukodi yenye injini moja inaweza kukufikisha. Lakini ndege hiyohiyo, siku hiyohiyo, ikirushwa saa nane mchana badala ya saa moja asubuhi, ni ndege nyingine kabisa.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Leseni yangu ya kwanza niliipatia uwanja wa Wilson, Nairobi, na sasa naishi Phoenix, jimbo la Arizona, ambako narusha Cessna 172 ya kukodi kutoka uwanja wa Deer Valley. Marubani wengi wa kwetu huja huku Marekani kusoma au kuongeza saa za hewani, na akifika Arizona tu, swali lake la kwanza ni lile: "Dada, korongoni tunaenda lini?" Nawajibu wote kwa mpigo hapa. Nitakalolisisitiza toka mwanzo hadi mwisho ni kwamba usalama wa safari hii unaamuliwa kabla hujafika ukingoni: saa uliyoondoka, uzito uliobeba, na urefu uliokwisha kuupata. Ukifika pale hivyo vitatu havijakaa sawa, umechelewa kuvirekebisha.

Kwanza karatasi, nizimalize. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda haikuruhusu kurusha ndege ya Marekani moja kwa moja, lakini mamlaka ya usafiri wa anga ya huku, FAA, hutoa cheti cha rubani binafsi kwa msingi wa leseni yako ya nyumbani. Lazima waandikiane kwanza na mamlaka iliyokupa leseni ili kuithibitisha, kwa hiyo peleka maombi miezi mitatu kabla ya safari. Ukishakipata, utafanya mapitio ya kuruka na mwalimu wa huku, na wenye ndege nao watataka kukuona ukiirusha. Mwombe mwalimu huyo mfanye hayo mapitio kwenye uwanja wa juu, Prescott au Flagstaff, badala ya kuzunguka Phoenix. Prescott iko futi 5,045 juu ya usawa wa bahari na Flagstaff futi 7,014. Utajifunza zaidi huko kwa saa moja kuliko kwa wiki nzima bondeni.

Hewa ya kule juu

Aliyejifunzia Wilson ana faida. Wilson iko zaidi ya futi 5,500, kwa hiyo ameshaizoea Cessna inayokimbia, ikakimbia, ndipo ikakubali kunyanyuka. Aliyejifunzia pwani hajayaona hayo. Uwanja wa Grand Canyon uko Tusayan, upande wa kusini wa korongo, na mwinuko wake ni futi 6,609. Hiyo ni namba ya kwenye ramani. Mbawa hazijui ramani. Zinajua hewa ni nzito au nyepesi kiasi gani, na joto huipunguzia hewa uzito.

Hesabu yake unaweza kuifanya nyuma ya risiti. Joto la kawaida usawa wa bahari ni nyuzijoto 15, na hupungua kama nyuzijoto 2 kwa kila futi 1,000 unazopanda. Kwa futi 6,600, basi, kawaida ni nyuzijoto 2 hivi. Sasa chukua mchana wa Juni wenye nyuzijoto 30. Umeizidi kawaida kwa 28. Kila nyuzijoto ya ziada iongezee futi 120: 28 mara 120 ni 3,360. Jumlisha na mwinuko wa uwanja, unapata karibu futi 10,000. Magurudumu yako yapo futi 6,609 lakini ndege inaamini ipo futi 10,000, na itafanya kazi hivyo hivyo.

Maana yake kwa injini ni hii. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kila futi 1,000. Kwenye hewa ya futi 10,000 umebaki na kama asilimia 70, na propela na mbawa nazo zinashika hewa kidogo. Ndege inayopanda futi 700 kwa dakika kule Mombasa, hapa ikiwa imejaa itapanda chini ya 300. Njia ya kurukia ya Grand Canyon ina urefu wa futi 8,999, na hilo ndilo linalowadanganya wageni. Wanaona lami haiishi, wanasema hapa hakuna shida. Lami si tatizo. Tatizo ni kupanda baada ya lami, juu ya misonobari, kwenye joto, ukisukumwa na upepo unaoshuka.

Kwa hiyo weka alama ya nusu ya njia kabla hujaanza kukimbia, jengo au kibao chochote cha pembeni. Ukifika nusu hujapata asilimia 70 ya kasi ya kunyanyuka, funga gesi, kanyaga breki, rudi. Usibishane na ndege.

Kuna kifundo chekundu ambacho marubani wa pwani hukisukuma ndani na kukisahau: kile cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Huku juu kikiwa ndani kabisa, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo na inakosa nguvu unapozihitaji sana. Kabla ya kuruka kwenye uwanja wa juu, simama mwanzo wa njia, shika breki, sukuma gesi hadi mwisho, kisha vuta kifundo polepole huku ukiangalia saa ya mizunguko. Utaiona sindano ikipanda, itafika kilele, halafu itaanza kushuka. Hapo kirudishe ndani kidogo, na uruke nacho kikiwa hapo. Kitabu cha ndege yako kina maelezo yake kamili, na kikipingana nami ufuate kitabu. Wakati wa kutua pia, ile tabia ya kukisukuma ndani chote kwa mazoea ya kwetu iache. Ikikubidi kuahirisha kutua na kupanda tena, injini iliyojazwa mafuta kwenye futi 6,600 itakohoa pale pale unapoihitaji.

Jambo jingine la hewa hii ni kasi. Unapokaribia kutua, fuata kasi ileile ya kitabu inayoonyeshwa na kipimo. Ardhi itaonekana inakimbia sana, kwa sababu kasi yako ya kweli ni kubwa kuliko ya kipimo, na mkono utatamani kuvuta pua ili kupunguza. Usivute. Amini kipimo.

Ondoka na mapambazuko

Mimi huwa juu ya lami ya Deer Valley jua likichomoza. Kutoka hapo hadi Grand Canyon ni takriban maili 135 za baharini, karibu moja kwa moja kaskazini, saa moja na nusu kwa 172 ukihesabu na kupanda. Ukiondoka saa kumi na mbili, umemaliza kuliona korongo na kutua kabla ya saa tatu, hewa bado imelala.

Kufikia saa tano jua limeshapasha miamba, na hewa inapanda hapa na kushuka pale. Abiria wanaanza kutapika, na rubani anaanza kufanya maamuzi ya haraka ili watue. Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba ni msimu wa mvua za radi. Asubuhi anga ni safi kabisa, saa sita mawingu yanaanza kuvimba juu ya milima ya Flagstaff, saa nane yanamwaga. Angalia hasa mvua inayoning'inia chini ya wingu kama pazia lakini haifiki ardhini. Ile mvua inayeyukia hewani, hewa inapoa, na hewa baridi huanguka kwa kishindo hadi chini na kutawanyika pande zote. Ukiwa unatua karibu nayo utapata upepo wa mbele, kisha ghafla upepo wa nyuma, na ndege itakosa kasi. Kaa mbali nayo maili nyingi. Ikiwa iko jirani na uwanja, zunguka au nenda kwingine.

Majira ya machipuko, Machi hadi Mei, tatizo ni upepo, mara nyingi kutoka kusini-magharibi. Angalia utabiri wa upepo wa futi 9,000 na 12,000, si wa uwanjani tu. Kanuni ninayoifuata, na ndiyo walimu wengi wa milimani wanayofundisha, ni kwamba upepo wa juu ya vilele ukizidi noti 25, yaani maili 25 za baharini kwa saa, nakunywa chai nyumbani. Upepo huo ukivuka ukingo wa korongo hufanya kile maji yafanyavyo yakivuka jiwe mtoni: upande mmoja yanapanda, upande wa pili yanazama na kuchafuka.

Na usisahau saa ya mkononi. Arizona haibadilishi saa majira ya joto, lakini nchi ya Wanavajo, iliyomo ndani ya Arizona hiyohiyo, inabadilisha, na Utah pia. Ukipanga kupitia huko, andika kila kitu kwa saa ya kimataifa, la sivyo utakosea machweo kwa saa nzima.

Uzito, na namna ya kumpima shangazi

Sehemu hii huwafanya watu wa kwetu waone haya, ndiyo maana naiandika kwa urefu.

Cessna 172S inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa jumla wa ratili 2,550. Ukiondoa ndege yenyewe, unabaki na kama ratili 870 za mafuta, watu na mizigo. Namba halisi ya ndege yako imo kwenye karatasi zake. Mafuta yakijaa, galoni 53 zinazotumika, yanakula ratili 318. Zinabaki 550 na ushei, yaani kilo 250. Viti ni vinne, lakini kilo 250 ni watu watatu wazima wenye afya, bila hata kikapu.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Kisauni, tulitaka kumpeleka akaone korongo yeye, mume wangu na mimi. Mkubwa haulizwi uzito wake kwetu, na ukimuuliza atakupa uzito wa mwaka ule alioolewa. Jioni ile niliweka mizani ya bafuni sebuleni, nikapanda mimi wa kwanza mbele ya wote, nikasoma kwa sauti: kilo 70. Akapanda mume wangu: 88. Nikamgeukia, "Shangazi, radhi yako, ndege haikubali makisio. Panda na kila kitu utakachovaa kesho, na mkoba wako." Akapanda na buibui, viatu na mkoba. Mizani ikasema 91. Mkoba peke yake ulikuwa na kilo saba: chupa ya chai, mahamri, Kurani yake, dawa za presha na albamu ya picha. Jumla yetu kilo 249.

Hiyo ndiyo namba iliyoamua safari. Badala ya kujaza mafuta, tuliyaweka hadi kwenye alama iliyo ndani ya mdomo wa tangi, ambayo kwa 172S ni galoni 35 kwa matangi yote mawili. Tumepunguza galoni 18, ratili 108, kilo 49. Safari ya kwenda ilihitaji kama galoni 15, kuzunguka korongo galoni sita au saba, na bado tulikuwa na zaidi ya saa moja mkononi. Sheria ya huku inadai akiba ya nusu saa tu mchana. Nusu saa ni kidogo mno kwenye nchi ambayo viwanja viko mbalimbali hivi. Mimi saa moja sishuki chini yake. Mafuta ya kurudi tulinunua Grand Canyon, lakini kwa kiasi, kwa sababu kuruka kutoka futi 6,609 na matangi yamejaa na watu watatu ni kujitafutia.

Mtu wa nne akitaka kuja, jibu ni safari mbili. Sijawahi kupata namna nyingine ya kulisema hilo isipokuwa mapema, kwa upole, kabla watu hawajavaa.

Na afya yao. Mgeni aliyetoka usawa wa bahari juzi, ukampandisha futi 11,500 leo, hewa itamchosha. Sheria inamtaka rubani avute oksijeni akikaa zaidi ya nusu saa juu ya futi 12,500, na muda wote juu ya 14,000. FAA yenyewe inashauri uanze kuitumia futi 10,000 mchana. Mimi hubeba mtungi mdogo wa kubebeka na kile kipimo cha kubana kidole, na kwa mtu mzima mwenye presha huomba kwanza kauli ya daktari wake.

Anga lenye njia zake

Tarehe 30 Juni 1956, ndege mbili za abiria, Super Constellation ya TWA na DC-7 ya United, ziligongana juu ya Grand Canyon. Watu wote 128 walikufa. Ajali hiyo ilichangia sana kuundwa kwa sheria ya usafiri wa anga ya 1958 iliyozaa FAA ya leo. Kisha mwaka 1986, ndege ya watalii aina ya Twin Otter na helikopta ziligongana ndani ya korongo lenyewe, wakafa 25. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ndege juu ya hifadhi, na anga la Grand Canyon likawekewa kanuni zake maalumu zinazotumika hadi sasa.

Nawaeleza haya kwa sababu mgeni huziona kanuni zile kama usumbufu. Zimeandikwa kwa damu. Pale kuna ndege za watalii na helikopta zinazopita kutwa kwa njia zao za chini, na wewe umewekewa zako za juu ili msikutane.

Nunua ramani maalumu ya Grand Canyon ya FAA, au ipakue kwenye tableti, na uhakikishe ni toleo linalotumika. Ina pande mbili: mmoja wa makampuni ya watalii, mwingine wa marubani binafsi kama sisi. Tumia wa kwako. Utaona maeneo manne ambayo ndege haziruhusiwi kabisa: Desert View, Bright Angel, Toroweap/Shinumo na Sanup. Mengi yake yanapanda juu kuliko 172 inavyoweza kufika, kwa hiyo usifikirie kupita juu yake. Katikati ya maeneo hayo zimeachwa njia nne: Zuni Point, Dragon, Fossil Canyon na Tuckup. Ukielekea kaskazini ndani ya njia hizo unakaa futi 11,500 au 13,500. Ukielekea kusini, 10,500 au 12,500. Kila sehemu ina masafa yake ya redio, yameandikwa kwenye ramani. Jitangaze unapoingia, unapovuka mto na unapotoka: namba yako, uko wapi, futi ngapi, unaelekea wapi. Washa taa zote.

Kushuka ndani ya korongo kuifuata mito hakuruhusiwi kwetu. Najua utaona picha za ndege kati ya kuta. Si pale, na si wewe.

Panda kabla ya ukingo

Hesabu hii wengi hawaifanyi. Ukiruka kutoka uwanja wa Grand Canyon kwenda futi 11,500, una futi 4,900 za kupanda. Kwa futi 300 hivi kwa dakika, hizo ni dakika 16. Kwa kasi ya noti 80 ni zaidi ya maili 20. Ukingo uko maili tano au sita tu kutoka uwanjani. Ukielekeza pua kaskazini moja kwa moja utafika korongoni ukiwa chini mno, ndani ya eneo lisilo lako. Kwa hiyo panda kwanza kusini, juu ya msitu wa Kaibab, mbali na njia za watalii, na usigeuke mpaka kipimo cha mwinuko kisome 11,500 na injini imepoa kidogo. Ndiyo maana mimi napenda kuliona korongo kabla ya kutua, nikiwa nimepanda taratibu toka Deer Valley. Njiani unaiacha milima ya San Francisco, ile ya Flagstaff, kulia kwako. Kilele chake, Humphreys, kina futi 12,633, kipe nafasi kubwa, hasa ukiwa upande wake uliokingwa na upepo.

Mzunguko ninaoupenda ni huu: kuingia njia ya Zuni Point upande wa mashariki kwa 11,500, kuvuka hadi upande wa kaskazini, kuzunguka eneo la Bright Angel kwa nje juu ya nyanda za Kaibab, kisha kushuka hadi 10,500 na kurudi kusini kwa njia ya Dragon. Kila mvuko una uso wake. Zuni Point, ukitazama mashariki, ndiko mto Little Colorado unakoungana na Colorado, na kama hakujanyesha, maji yake ni ya samawati kama bahari ya Nyali. Dragon kuta ni nyekundu na zimepangana ngazi kwa ngazi.

Unapovuka ukingo, macho yatakudanganya. Dakika moja una msitu futi elfu nne chini yako, dakika ya pili ardhi imeondoka na mto uko zaidi ya futi 8,000 chini. Mwili unahisi umepanda. Hujapanda. Na upande wa kaskazini ardhi inarudi juu: nyanda za Kaibab hufika zaidi ya futi 9,000, kwa hiyo ukiwa 10,500 una futi elfu moja na mia kadhaa tu juu ya miti. Tazama kipimo, si hisia.

Rubani hapigi picha. Mtu akiinama kutazama chini huku ameshika usukani, ndege inalala zaidi na zaidi upande ule, pua inapanda, kasi inaisha, na mbawa zinaacha kubeba. Mpe abiria simu yako. Geuka kwa kulaza nyuzi 20 au 30, si zaidi, na wape watu wa upande wa pili zamu yao kwa kurudi, si kwa kukunja ndege.

Ukikutana na hewa inayoshuka, usivute pua. Shika kasi ya kupanda vizuri, gesi yote, na geuka kuelekea ardhi ya chini, mbali na ukuta. Kung'ang'ania pale pale ukijaribu kuishinda ni kupoteza kasi na urefu pamoja.

Makorongo mengine

Nje ya Grand Canyon, kuelekea Page na ziwa Powell au Utah, kanuni hazibani hivi, na hapo kishawishi cha kuingia kati ya kuta ni kikubwa. Kabla hujakikubali fanya hesabu ya kugeuka. Kwenye hewa ya futi 10,000, kipimo kikisema noti 80, kasi yako ya kweli ni kama 93. Ukilaza ndege nyuzi 30, nusu duara ya kurudi ulikotoka inataka upana wa futi 2,660, bila upepo. Ukikimbia kwa kasi ya kweli ya noti 120, inataka karibu futi 4,400. Korongo linalopungua upana kadiri unavyosonga linakunyima hizo futi kimyakimya, na sakafu yake inapanda haraka kuliko 172. Ushauri wangu ni kukaa futi 2,000 juu ya kingo na kutazama kutoka huko. Hakuna kitu cha chini kisichoonekana.

Page ni kituo kizuri, futi 4,316, na kutoka hewani utaona mto ukijipinda kama kwatu la farasi. Sedona nayo inapendeza, lakini ina tabia zake. Uwanja umekaa juu ya kilima kilichokatwa bapa, kama futi 500 juu ya mji, na njia yake inapanda kuelekea kaskazini-mashariki. Upepo ukiruhusu, unatua njia namba 3, ukipanda mlima, na unaruka namba 21, lami ileile kutoka upande wa pili, ukiteremka. Karibu na mdomo wa njia hewa hushuka ukingoni, basi usije chini chini. Weka gesi kidogo hadi uvuke ukingo.

Kabla ya kuwasha

Beba maji, lita nne kwa kila mtu, ingawa yana uzito. Yapunguzie mafuta au mizigo, si maji. Beba kofia, kioo cha kuakisi jua, nguo za baridi hata Juni kwa sababu usiku wa jangwani ni mkali, na kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti. Simu haishiki sehemu kubwa ya njia hii. Omba wasimamizi wa anga wakufuatilie kwenye rada toka unapoondoka Phoenix, ukijua kwamba nyuma ya milima hawatakuona wakati wote.

Na uandikishe mpango wa safari kwa simu au mtandaoni, wenye saa ya kufika uliyoihesabu kweli, rangi ya ndege na idadi ya watu. Ukishatua na kuifunga ndege kwa kamba, jambo la kwanza kabla ya chai ni kuwapigia na kuufunga mpango huo. Nusu saa ikipita baada ya muda ulioutaja bila wao kukusikia, wanaanza kukutafuta, na watu hao wanaweza kuwa wanahitajika kwingine asubuhi hiyo.